Kilo Tisa Zilizopotea

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya banda la nyuma ya nyumba, nacheka kama mwehu, mke wangu nimembeba juu juu, na gari letu limesimama juu ya mizani nne, moja chini ya kila gurudumu.

Kwa anayeanza leo, nafupisha. Mimi ni fundi wa majokofu. Mke wangu ni mwalimu wa udereva: Jumatatu mpaka Ijumaa anawafundisha watu kwenda polepole, Jumamosi anakwenda uwanja wa mbio za magari kuvunja kila alichofundisha. Namwita Manyoya kwa wepesi wake, na jina limemganda hata kazini.

Gari letu ni Panzi. Hakutoka kiwandani akiwa mzima. Alikuja vipande vipande ndani ya masanduku, tukamuunga wenyewe, mimi na mke wangu, jioni baada ya jioni. Hana paa, hana milango, hana redio. Ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabati ya alumini, viti viwili na injini tuliyoinunua kwenye gari bovu.

Mmeshasoma alivyowaka moto siku ya kwanza kumuwasha. Mmesoma jirani alivyotuitia polisi kwa kelele, na mama mkwe alivyoapa kutokanyaga kwetu mpaka tuuze. Kuna msomaji akaniandikia kwamba mwanamume anayemwachia mkewe usukani amerogwa. Nimemsamehe, hajamuona mke wangu akikata kona.

Basi tulikuwa kwenye mizani.

Kila baada ya miezi kadhaa, kabla ya kwenda uwanjani, tunampima Panzi, na dereva sharti aketi ndani na helmeti yake kichwani. Gari jepesi namna ile, dereva naye ni sehemu ya gari. Unakaza springi huku, unalegeza kule, mpaka kila gurudumu libebe mzigo wake. Kwenye gari la mtu wa kawaida kilo tisa si chochote. Kwetu sisi kilo tisa ni harusi.

Na Alhamisi ile mizani ilisema tumepungua kilo tisa tangu kipimo cha mwisho.

Ndiyo maana nilimtoa kitini, nikambeba, nikamzungusha.

"Nishushe," alisema. "Kichwa kinazunguka."

"Tumeshashinda kabla ya kukimbia!"

"Nishushe, bwana."

Nikamshusha. Hapo akili ya ufundi ikanirudia. Kilo hazivukizwi kama maji. Kama zimeondoka, basi kuna mahali zimetoka, na gari linalodondosha vitu njiani ni gari linaloua.

Nikaanza kukagua. Betri ipo. Kizima moto kipo. Mafuta nusu tangi, kama desturi yetu. Nikaingia uvunguni, nikagusa nati moja moja. Zote zipo.

"Kaa pembeni kidogo nimpime tupu," nikamwambia.

"Achana nayo. Mizani yenyewe mbovu hiyo."

"Dakika moja tu."

"Nimesema mizani mbovu!"

Mke wangu si mtu wa kupayuka. Amekaa na wanafunzi wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki, na hajawahi kupandisha sauti. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimeshainama. Nikalipima gari bila mtu.

Panzi hakupungua hata gramu.

Ndugu zangu, nilibaki nimepiga magoti kwenye ile saruji. Nikazisoma zile namba upya, nikajumlisha kwa kidole hewani. Kisha nikainua macho. Alikuwa ameegemea ukuta amevaa ovaroli lake la mbio, na ndiyo mara ya kwanza nikaona lilivyomning'inia mabegani.

"Panda kwenye mizani moja," nikamwambia.

"Mimi si injini."

"Tafadhali."

"Sipandi. Namba si umeshaipata? Toa hesabu."

Nilitoa hesabu. 

"Tangu lini, Manyoya?"

"Tangu tulipobadilisha pedi za breki za mbele."

Kwetu tarehe ndizo hizo. Pedi za mbele tulizibadilisha kabla ya mvua. Mvua zilikuja, zikaisha, na mimi nilikuwa nalala ubavuni mwake.

"Kuna uvimbe tumboni," alisema. Alisema kama anavyomwambia mwanafunzi ageuze gari, bila haraka. "Daktari kauona kwenye picha. Anataka kuukata."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka Jumamosi niendeshe."

Niliangua kilio. Sioni haya kuandika. Nililia mpaka yeye ndiye akaja kunishika bega.

Mkitaka kujua kilichoniuma zaidi, ni hiki. Nimetumia miaka kumpunguza Panzi. Nimetoboa matundu kwenye kanyagio la breki ili lipungue. Nimekwangua rangi ndani ya bodi ili ipungue. Bolti ndefu nimezikata ncha, na zile ncha nimezipima kiganjani nikichekelea. Macho yangu yalishazoea kufurahia kila kinachopungua, na mke wangu alipoanza kupungua, nami nilifurahi.

Halafu ile mikanda! Mikanda ya kiti cha mbio inamkaza dereva mabegani, kiunoni na mapajani, na mimi ndiye ninayemfunga. Kila tulipokwenda uwanjani nilikuta imelegea. Nikaivuta. Safari nyingine imelegea tena. Nikasema mikanda imevutika, hii mali feki. Nikampigia simu aliyetuuzia, nikamtolea matusi ya nguoni. Maskini wa Mungu yule bwana akanitumia mipya bure, na hiyo mipya nayo ikalegea.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

Akajifuta mikono kwenye ovaroli.

"Dada."

Dada yake mkubwa ni mshonaji. Ana ulimi unaokata kuliko mkasi wake, na tangu nimuoe mdogo wake ananiita Bwana Barafu. Asubuhi ya pili aliingia bandani bila hodi. Alinikuta nimekaa kwenye tairi, chai imepoa mkononi.

"Kumbe jana ndiyo umejua."

"Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Alinilisha yamini. Na wewe ulihitaji kuambiwa? Mimi nimempunguzia magauni matatu. Matatu! Kila akija nambana kiunoni, nasema mumewe ataona tu, ana macho. Kumbe macho yako yote umeyamalizia kwenye vyuma."

 Alimtazama Panzi kama mtu anayemtazama mke mwenza, kisha sauti ikamlainika.

"Anasema umekubali aende uwanjani kesho."

"Tumekubaliana. Kesho anaendesha, Jumatatu analazwa. Ameniapia."

"Na umemwamini?"

"Ni mke wangu."

"Ni mdogo wangu," alisema. "Mimi nimemjua kabla yako."

Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akaondoka bila kuaga. Nilimkasirikia kwa kutilia shaka neno la mke wangu. Sasa hivi naandika haya nikitamani ningemkimbilia nikamshika mkono.

Ijumaa nzima sikwenda kazini. Jokofu la mtu liliozesha nyama, na mwenyewe alinitukana kwenye simu mpaka akachoka. Nilikuwa na kazi moja tu. Gari lilipangwa kwa uzito wa Manyoya wa zamani, na kwa Manyoya wa sasa lisingekaa sawa kwenye kona. Fundi yeyote angepanga springi upya. Ni kazi ndogo.

Nilishika spana, nikaiweka kwenye springi, mkono ukagoma.

Ukipanga gari kwa uzito mpya, umeukubali ule uzito. Umesema huyu ndiye dereva kuanzia leo. Mimi sikuukubali. Nilikwenda kwenye vyuma chakavu nikachagua vipande bapa vya chuma, nikavikata, nikavipima, nikavifunga kwa bolti chini ya kiti chake. Kilo tisa kamili.

Manyoya alitokea mlangoni na kikombe cha uji.

"Unafunga nini huko?"

"Nakurudishia vitu vyako."

Alichungulia chini ya kiti.  Tangu tuanze kumjenga Panzi hakuna siku niliyomuongezea hata skrubu ya bure, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Litakuwa zito," alisema.

"Na liwe zito."

"Tutashikwa na kila mtu kwenye ule mnyoosho usio na kona."

"Watushike."

Akaweka kikombe chini, akakaa kwenye sakafu pale pale nilipolala mimi, akalaza kichwa kifuani pangu, na mafuta machafu yote yale. Nilikisikia kichwa chake. Hata kichwa kilikuwa chepesi.

"Ukinipenda hivi utanifanya nishindwe," aliniambia.

Nilidhani anasema kuhusu mbio.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri. Uwanjani kila mtu anamjua mke wangu. Mshika bendera, mzee mmoja mwenye kofia ya majani, alifundishwa naye kuendesha akiwa tayari na wajukuu.

"Mwalimu, leo mbona umekonda? Unataka kutuacha kwa mbali?"

"Nimepunguza kwa ajili yako," akamjibu, na wote wakacheka.

Nilimfunga mikanda. Bega la kulia, bega la kushoto, kiuno, mapaja. Nilivuta mpaka mwisho wa kitambaa, mpaka pasipo na pa kuvuta tena, na bado kiganja changu kilipita kati ya mkanda na mwili wake. Nilikunja taulo nikamsindilia ubavuni. 

"Shika simu yangu," alisema. "Itaniruka mfukoni."

Akashusha kioo cha helmeti, akatoka.

Sitawachosha na habari za kona. Itoshe kusema kwamba sijawahi kumuona akiendesha vile. Hakuwa na haraka, lakini waliomtangulia walianza kumpisha mmoja mmoja. Aliichukua ile kona ya mwisho kila mara kwa mstari ule ule, na kila akipita mbele yangu aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Mtu mgonjwa haendeshi hivi, nilijisemea. Nilianza kupata moyo. Nilianza hata kuipanga Jumatatu, nguo gani nimbebee, mto gani.

Simu yake ikalia.

"Haloo, naongea na nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Mume wake. Yeye yuko... yuko kazini kidogo."

"Afadhali nimekupata wewe, baba. Napiga kutoka wodi ya upasuaji. Tumepata nafasi leo, kuna mgonjwa ameahirisha. Daktari kaniambia nimjaribu mkeo mara ya mwisho."

"Nawashukuru sana, dada yangu. Lakini msijisumbue, si analazwa Jumatatu?"

Nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Jumatatu ya nini, baba?"

"Ya upasuaji."

"Mkeo alikataa upasuaji. Alikuja hapa mwenyewe, tukambembeleza, akasema hataki. Jumatatu hatuna chochote kwa jina lake."

Panzi alipita mbele yangu. Vidole viwili juu.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Sikiliza. Daktari anasafiri jioni, na hatarudi karibuni. Uvimbe ule haumsubiri mtu, ukishafika kwenye ini hakuna tena wa kuukata. Akiwa hapa kabla ya saa saba, daktari atamfanyia leo. Amekula chochote?"

"Hajala. Siku za mbio hali."

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Yule muuguzi naye alisikia.

"Siku za nini?"

Niliitia simu mfukoni bila kuikata. Tulikuwa saa nzima ya barabara kutoka hospitali, na jua lilishapanda. Nikauchukua ule ubao tunaomwonyeshea dereva maneno, nikaandika kwa chaki INGIA, nikakimbia mpaka ukingoni mwa njia. Alikuja. Aliuona, naapa aliuona, maana kichwa kiligeuka. Akapita. Nikabaki na ubao wangu kama mchuuzi aliyekosa mteja. Alipozunguka tena niliuinua kwa mikono miwili, nikapiga kelele ambazo hakuna dereva anayeweza kuzisikia. Akapita tena, na safari hii hakuinua vidole.

Nikamkimbilia mshika bendera.

"Mzee, piga nyekundu."

"Nyekundu? Kuna ajali?"

"Ipo."

"Wapi? Mimi sijaona vumbi, sijaona moshi."

"Piga, mzee wangu. Nakuomba. Lawama zote zangu."

Nyekundu haipigwi ovyo. Ikipepea, kila gari uwanjani linapunguza mwendo na kurudi, kwa sababu kuna mwenzao kaumia. Yule mzee aliponitazama usoni, mimi ndiye niliyetazama chini. Akaiokota bendera nyekundu, akaipunga.

Magari yakaanza kuingia. Moja, jingine, jingine. Madereva wanavua helmeti, wanaulizana, wanatazama angani kutafuta moshi. Wa mwisho kuingia alikuwa Panzi, taratibu, akasimama futi chache kutoka miguuni mwangu. Injini haikuzimwa. Manyoya akainua kioo cha helmeti, na macho yake yalikuwa na hofu ya kweli, hofu kwa ajili ya mtu mwingine.

"Nani kaumia?"

Nikaitoa simu yake mfukoni.

"Mume wangu, nani kaumia?"

Nikamwonyesha simu. Yule muuguzi alikuwa bado hewani, anaita haloo, haloo, kwa sauti ndogo. Manyoya aliitazama, kisha akanitazama mimi, na ile hofu ikatoka machoni ikaacha uchovu.

"Wamepiga," alisema.

"Uliniapia Jumatatu."

"Niliapa."

"Kwa nini, Manyoya?"

"Kwa sababu ungenibeba mzobemzobe ukanipeleka. Naogopa! Baba yangu aliingia chumba cha upasuaji akitembea, anatupungia mkono, anatutania. Tukapewa mwili. Humu ndani siogopi. Humu kila nati naijua, kila bomba nimelishika mwenyewe. Niache nimalize nikiwa ndani ya kitu ninachokijua."

"Nafasi ni leo tu. Daktari anakusubiri. Tunaweza kuwahi."

"Mizunguko michache, halafu nakuja."

"Utakuja kama ulivyoniapia kwenda Jumatatu?"

Hilo lilimchoma. Nililiona likiingia, na nikajuta, na sikulirudisha.

Madereva wenzake walikuwa wametuzunguka kwa mbali, helmeti mikononi. Wengine walishaelewa. Yule mzee mwenye kofia ya majani hakuwa na ruhusa ya kuuzuia uwanja zaidi ya pale bila ajali, na watu wa juu walikuwa wanampigia kelele kwenye redio yake. Nikasikia kitambaa kikipepea nyuma yangu. Nikajua ameinua kijani.

Nikaiweka simu juu ya boneti ya Panzi. Nikazunguka, nikasimama mbele ya pua yake, magoti yangu yakigusa lile bati nililolikunja kwa mikono hii hii.

"Nipishe," alisema mke wangu.

"Sikupishi."

"Nakupenda. Nipishe."

"Najua. Sikupishi."

Alinitazama muda wa pumzi moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka ndani ya helmeti na hakuwa na namna ya kuyafuta. Kisha akashusha kioo, sikumuona tena usoni.

Klachi ikakanyagwa. Gia ya kwanza ikaingia.

Nilifumba macho, lakini miguu sikuisogeza.